Tomati za kuiva upesi katika lupango



Ukurasa huu huzungumza mara nyingi juu ya kofia ya kazi, viatu vya usalama, mikono na macho. Leo tunatoka kiwandani, tunaingia katika lupango, nyuma ya nyumba, pahali mama anapopanda mboga. Huko nako kuna mambo ya usalama na ya afya, na mambo hayo yanaonekana zaidi wakati wa baridi, kila mtu anapotaka tomati zake ziive upesi.

Kutaka tomati za mapema si vibaya. Mwenye kuvuna wa kwanza anakula vizuri, na kile kinachobaki anakiuza kwa bei nzuri. Lakini watu wengi wanaitafuta haraka hiyo pahali pasipofaa. Mmoja anamwaga mbolea nyingi. Mwingine ananyunyiza dawa kali kila siku ya tatu. Mwingine anachukua mawe ya kabidi pahali wanapochomelea chuma, anayaweka katika sanduku pamoja na tomati mbichi ili zipate rangi nyekundu. Mwingine anajaza maji ya kunyweshea katika pipa ambalo jana lilikuwa na dawa ya kiwanda.

Tunataka kuwaonyesha ya kama haraka ya kweli inatoka katika mbegu na katika kalenda. Mwenye kuchagua aina inayoiva upesi, na kuipanda siku inayofaa, hana haja ya sumu.

INCHI YETU INA MVUA, NA INA BARIDI

Wageni wengi wanafikiri inchi yote ya Kongo ni joto siku zote. Sisi wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kambove na Kolwezi tunajua namna ilivyo. Tunakaa juu. Lubumbashi iko katika metre 1.200 na zaidi juu ya bahari, na Kolwezi iko katika metre 1.400 na zaidi. Mwezi wa 6 na wa 7, mchana jua ni zuri, lakini usiku joto hushuka mara nyingi chini ya digri 10. Katika dembo ni vibaya zaidi, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito: inateremka kama maji na kulala pahali pa chini.

Tomati haikuzaliwa katika baridi. Ukoo wake ni wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wazee wa Meksiko ndio walioilima na kuikuza, na Waspania waliipeleka Ulaya baada ya mwaka 1500. Mpaka leo inapenda mchana wa digri 20 hadi 27 hivi. Usiku ukishuka chini ya digri 13, aina nyingi haziwezi kushika matunda vizuri. Maua yanafunguka, lakini unga wa ua haufanyi kazi yake, kisha ua linakauka na kuanguka. Mama anaona mti mkubwa wenye majani mazuri, na tunda hakuna. Anasema ni ugonjwa, ananunua dawa. Kumbe ni baridi tu, na hakuna dawa ya chupa inayoponya baridi.

Kwa upande mwingine, tukipanda katikati ya mvua, kuna adui wa pili: mildiu. Huo ni ugonjwa unaopenda majani yenye maji na hali ya ubaridi. Majani yanapata madoa ya rangi ya udongo, chini yake unaonekana unga mweupe asubuhi, kisha shina linakuwa jeusi, na tunda linaoza lingali ngumu. Katika siku chache za mvua na mawingu, lupango nzima inaweza kufa.

Basi, tunapita katikati ya adui wawili: mvua upande mmoja, baridi upande mwingine. Katikati yao kuna milango miwili tu, nayo ni myembamba. Tomati inayochelewa haiwezi kupita kabla ya mlango kufungwa. Tomati ya mapema inapita.

KUJUA MBEGU

Siku za tomati zinazoandikwa juu ya pakiti huhesabiwa kwa kawaida kutoka siku ya kuhamisha miche, si kutoka siku ya kupanda mbegu. Watu wengi hawajui jambo hili, na hesabu yao inakosa kwa mwezi mzima na zaidi. Aina ya mapema inachukua siku 50 hadi 65 tangu kuhamishwa. Aina ya kati inachukua siku 70 hadi 80. Aina ya kuchelewa inapita siku 80. Usiku ukiwa na baridi, uongeze juma 2 au 3.

Katika masoko yetu mnaona mara nyingi Roma, yenye matunda marefu kama yai, ya kupikia. Hiyo ni ya kati, karibu siku 75. Mara nyingi imeandikwa Roma VF. Herufi hizo mbili zina maana: mti huo unavumilia magonjwa mawili ya udongo yanayokausha mti, Verticillium na Fusarium. Marmande, ya Ufaransa, yenye matunda mapana na mikunjo, inaiva mbele kidogo ya Roma.

Inchi za baridi kali zimetengeneza aina za mapema zaidi. Huko Beaverlodge, katika jimbo la Alberta, inchi ya Kanada, wataalamu walipata aina zinazoitwa Sub-Arctic, miti mifupi yenye matunda madogo. Inchi ya Wacheki ilitoa Stupice, ambayo matunda yake ni madogo na matamu. Chuo kikuu cha jimbo la Oregon, huko Marekani, kilitoa Oregon Spring, ambayo inaweza kushika matunda hata usiku wa baridi, kwa sababu tunda lake linaweza kukua bila mbegu ndani. Ukiona majina haya juu ya pakiti, ujue ni za kuiva upesi.

Hata bila majina hayo, mnunuzi anaweza kujua. Asome idadi ya siku juu ya pakiti. Achague mti mfupi ambao unasimama wenyewe, si ule wa kupanda juu bila mwisho. Achague matunda madogo au ya kadiri. Tunda la gramu 60 linaiva mbele ya tunda la gramu 250, kama vile sufuria ndogo inavyochemka mbele ya sufuria kubwa.

Jambo moja tena. Mbegu yenye alama F1 ni ya mchanganyiko. Matunda yake ni mazuri, lakini mbegu utakayotoa ndani yake haitazaa sawasawa na mama yake. Mbegu isiyo ya F1 unaweza kuihifadhi mwenyewe: chagua tunda la kwanza kuiva la mti wenye afya, acha mbegu na maji yake zichache siku 2 au 3 katika kopo, zioshe, zikaushe kivulini. Ukifanya hivi mwaka kwa mwaka, unajitengenezea mbegu inayojua baridi ya lupango yako.

KUHESABU SIKU NYUMA

Mkulima mzuri anaanza hesabu kutoka siku ya kuvuna, kisha anarudi nyuma.

Mlango wa kwanza ni mwisho wa mvua. Panda mbegu tarehe 1 mwezi wa 3, chini ya paa la veranda, mvua isipiganishe miche. Tarehe 10 mwezi wa 4, miche ina juma 6, na mvua inakwisha. Hamisha. Maua yanafunguka mwanzo wa mwezi wa 5, na matunda yanashika mbele ya baridi kali. Aina ya siku 60 ingeiva tarehe 9 mwezi wa 6. Ongeza juma 2 kwa ajili ya baridi: utavuna karibu tarehe 23 mwezi wa 6. Aina ya siku 85 itakuwa na maua mengi katikati ya mwezi wa 6, na maua hayo yataanguka.

Mlango wa pili ni mwisho wa baridi. Panda mbegu tarehe 1 mwezi wa 7, ndani ya sanduku, pahali pa joto. Hamisha tarehe 15 mwezi wa 8, usiku unapoanza kupata joto. Aina ya siku 60 itaiva karibu tarehe 14 mwezi wa 10, mbele ya mvua kubwa. Aina ya siku 85 itangoja mpaka tarehe 8 mwezi wa 11, na wakati huo mvua na mildiu zimekwisha kufika.

Mnaona faida yake kwa afya? Mti unaomaliza kazi yake kabla ya mildiu hauhitaji kunyunyiziwa dawa ya mildiu. Kila juma unalopunguza katika lupango ni juma la sumu unaloondoa katika sahani ya watoto.

MICHE YENYE JOTO

Mbegu ya tomati inaota vizuri katika udongo wa digri 20 hadi 30. Chini ya digri 10 inalala tu, kisha inaoza. Kwa hiyo, mwezi wa 7, usipande mbegu moja kwa moja nje.

Chukua sanduku la mbao lenye kimo cha santimetre 10, lenye matundu chini ya kutoa maji. Weka udongo mweusi, mchanga kidogo, na mbolea ya takataka iliyooza vizuri. Panda mbegu kwa kina cha nusu santimetre. Mchana sanduku likae juani, pembeni ya ukuta. Usiku liingie jikoni, karibu na ukuta ambao umepata joto la kupikia. Katika siku 5 hadi 10 miche inatoka. Ikiwa na majani mawili ya kweli, iweke mbalimbali, kila mche katika kopo lake.

Hapa muganga anasimama katikati ya njia. Usiingize mbabula yenye makala katika chumba kilichofungwa, si kwa kupasha miche joto, si kwa kupasha watu. Makala yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inachukua nafasi ya hewa nzuri katika damu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, analala, haamki tena. Kila mwaka baridi inapoingia, hatari hii inaingia pamoja nayo. Mbabula ikae nje mpaka makala yazimike kabisa. Sanduku la miche linatosheka na joto la ukuta.

Juma moja mbele ya kuhamisha, zoeza miche hewa ya nje: siku ya kwanza saa moja, ya pili saa tatu, mpaka ikae nje mchana mzima. Mche uliozoezwa hausimami ukuaji wake.

PAHALI PA KUPANDA

Vitabu vya bustani vya Ulaya vinasema: panda tomati mbele ya ukuta unaotazama kusini. Huko ni kweli. Kwetu ni kinyume, sababu tuko chini ya ikweta. Mwezi wa 6 na wa 7 jua letu linapita upande wa kaskazini. Basi, tafuta ukuta wa matofali unaotazama kaskazini. Mchana ukuta unakunywa jua, usiku unalitoa polepole. Tomati iliyo karibu na ukuta huo inalala katika joto zaidi kuliko ile ya katikati ya lupango, na mbali sana kuliko ile ya dembo.

Chimba mashimo kwa umbali wa santimetre 50 katika mstari, na santimetre 80 kati ya mistari. Katika kila shimo weka mkono mmoja au miwili ya samadi iliyooza miezi 3 au zaidi. Samadi mbichi ya kuku inachoma mizizi, tena ina vijidudu vya kuharisha. Udongo wetu mara nyingi una ukali wa asidi. Majivu ya kuni kidogo, au chokaa ya kilimo, hupunguza ukali huo. Zika shina la mche mpaka karibu na majani ya kwanza, maana shina lililozikwa linatoa mizizi mipya.

Usimwage mbolea nyingi ya yurea ukifikiri unaharakisha. Yurea nyingi inazaa majani, na kuiva kunachelewa.

Nywesha asubuhi, chini kwenye shina, si juu ya majani. Udongo utapata joto mbele ya usiku, na majani yatakuwa makavu. Mti mkubwa unahitaji karibu litre 2, kila siku au kila siku ya pili, kufuatana na udongo wako. Funika udongo kwa nyasi kavu. Usiku wa baridi kali, simika vijiti na kufunika miti kwa gunia safi au plastiki, lakini plastiki isiguse majani. Asubuhi iondoe.

Maua yakifunguka, pita asubuhi jua likiwa limepanda, gonga shina kidogo kwa kidole. Unga wa ua unaanguka, na matunda yanashika zaidi. Kama una aina ndefu, ondoa vichipukizi vya kwapani, na kata kichwa cha mti baada ya mashada 3 ya maua. Nguvu yote inakwenda kwa matunda hayo, yanaiva mapema. Aina fupi usiikate.

Tena, ukiona sehemu ya chini ya tunda imekuwa nyeusi na kavu kama ngozi, usikimbilie dawa. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni ukosefu wa kalsiamu katika tunda, na mara nyingi unatoka katika kunywesha vibaya: leo maji mengi, kisha siku nne hakuna. Nywesha sawasawa, na matunda yanayofuata yatakuwa mazuri.

HARAKA INAYOUA

Sasa tufike kwenye mambo yale mabaya tuliyotaja pale juu. Tuyaangalie moja moja.

Kwanza, kabidi. Mawe hayo yakikutana na unyevu hutoa gesi ya kuchomelea chuma. Ni kweli gesi hiyo inaleta rangi katika matunda. Lakini kabidi ya kazi za chuma si safi. Mara nyingi ina mabaki ya arseniki na fosforasi, ambazo ni sumu. Tena, unga wake unachoma macho na mikono, na gesi yake ikikutana na moto inalipuka. Sanduku la kabidi chini ya kitanda ni bomu katika nyumba. Kuna njia nyingine isiyo na hatari. Chukua tomati zilizokwisha kufikia ukubwa wake na kuanza kupauka, ziweke katika sanduku pamoja na ndizi moja iliyoiva, funika kwa karatasi, weka pahali pa digri 18 hadi 21. Ndizi inatoa gesi yake yenyewe, ya asili, na katika juma 1 au 2 tomati zinakuwa nyekundu. Tunda bichi kabisa, lisilokomaa, halitaiva kwa njia yoyote.

Pili, maji ya shaba. Ni kweli ya kama shaba inapigana na mildiu. Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Millardet, alitangaza mwaka 1885 dawa ya mizabibu iliyotengenezwa kwa salfati ya shaba na chokaa, nayo inatumika mpaka leo. Kwa hiyo kuna anayefikiri: sisi tunafanya kazi ya shaba, kwa nini tununue? Acha wazo hilo. Maji ya elektrolizi yana asidi ya kuchoma, na yanaweza kuwa na metali nyingine ndani yake. Dawa ya shaba ya bustani imepimwa, imeandikwa kipimo chake. Maji ya kiwanda hayakutengenezwa kwa chakula.

Tatu, mapipa, bidoni na magunia ya kiwanda. Pipa lililokuwa na ksantati, au mafuta, au asidi, halisafishwi kwa sabuni. Dawa inaingia katika kutu na katika plastiki. Maji unayoweka ndani yanaibeba. Watoto wanakuja kunawa, mama anachota ya kuoshea vyombo. Pipa tupu la dawa lirudi pahali pake kiwandani. Halina kazi nyumbani.

Nne, udongo na vumbi. Usilime juu ya mabaki ya kiwanda, wala pembeni ya mfereji unaotoa maji ya kiwanda. Mwaka 2009 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza utafiti juu ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walipima mkojo wao, wakakuta kobalti nyingi sana kupita kawaida, na metali nyingine pia. Metali hizo zinaingia kwa vumbi, kwa maji na kwa chakula. Tomati ina faida moja hapa: mara nyingi tunda linashika metali kidogo kuliko majani, kama vile lengalenga na sombe. Hata hivi, mwenye kukaa karibu na barabara ya vumbi alete udongo safi, ajenge tuta lenye kimo cha santimetre 30, na aoshe kila tunda kwa maji ya kunywa. Na baba akirudi kazini, avue nguo za kazi kabla ya kugusa miche au watoto.

Tano, dawa za wadudu. Kila chupa halali ina maandiko yenye kipimo, nguo za kuvaa, na siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna. Siku hizo si za kupamba karatasi. Ukivuna mbele yake, unapeleka dawa mezani. Dawa iliyomiminwa sokoni katika chupa ya limonade haina maandiko, basi usiinunue. Nyumbani, usitie dawa katika chupa ya kinywaji hata siku moja. Mtoto hasomi: anaona chupa ya limonade, anakunywa.

MTU AKIPATA SUMU

Dawa nyingi za wadudu zinashika mishipa ya fahamu. Alama zake ni hizi: jasho jingi, mate mengi, machozi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka, kisha kupumua kwa shida. Ukiziona, usingoje kesho.

Mtoe mgonjwa pahali penye dawa. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi. Mvue nguo zote zilizopata dawa, mwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Kama dawa imeingia machoni, osha kwa maji safi dakika 15 au zaidi. Usimtapishe. Usimpe maziwa, wala mafuta, wala pombe, maana hakuna kimoja kinachoondoa sumu. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Mpeleke upesi hospitali, na chukua chupa au karatasi yake, sababu muganga akijua jina la dawa anajua matunzo yake. Usione haya kusema kweli. Kwetu hospitalini hatuulizi nani ana makosa, tunauliza alikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi.

TOMATI KATIKA SAHANI

Kwa nini taabu yote hii? Gramu 100 za tomati zilizoiva, ambazo hazikupikwa, zina karibu miligramu 14 za vitamini C. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 kwa siku. Basi tomati 3 za kadiri, zilizooshwa vizuri na kukatwa pembeni ya bukari, zinakaribia haja ya siku nzima. Vitamini hiyo inasaidia vidonda kupona na ufizi kuwa na nguvu. Tena inasaidia mwili kuchukua chuma kilichomo katika maharagi na mboga za majani, na chuma hicho kinatengeneza damu. Mama mwenye mimba na mtoto anayekua wanafaidika zaidi kula tomati na maharagi katika chakula kimoja.

Kupika sana kunapunguza vitamini C. Lakini tomati iliyopikwa na mafuta kidogo inaachilia vizuri zaidi ile rangi yake nyekundu, likopeni, na mwili unaipokea. Basi kula mbichi siku moja, na kupikwa siku nyingine. Majani na mashina ya tomati si mboga, usiyapike. Tomati zako usiziweke katika friji kabla hazijaiva, maana chini ya digri 10 zinapoteza utamu, na haziivi vizuri tena.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Soma siku juu ya pakiti, na chagua aina ya siku 50 hadi 65.
2. Hesabu kutoka siku ya kuvuna, urudi nyuma. Panda mwanzo wa mwezi wa 3 au mwanzo wa mwezi wa 7.
3. Panda mbele ya ukuta unaotazama kaskazini, mbali na dembo.
4. Nywesha asubuhi, sawasawa, chini kwenye shina.
5. Kabidi, maji ya kiwanda, na mapipa ya dawa visitoke kiwandani.
6. Mbabula isiingie chumbani.
7. Dawa ikae katika chupa yake yenye maandiko, katika sanduku lenye kufuli, juu, mbali na watoto.

Miche 20 inatosha kwa nyumba moja. Inashika pahali padogo, metre 8 kwa mraba. Mti mmoja ukitunzwa unaweza kutoa kilo 1 hadi 2. Mwenye pakiti ya mbegu amgawie jirani yake, na amwambie pia tarehe ya kupanda, maana mbegu nzuri iliyopandwa siku mbaya haimsaidii mtu.

Kazi njema, na mavuno mema.

Msaidizi wa muganga